"Ana kesi": safari ya mtumishi wa umma kutoka kizimbani hadi barua ya kufutwa

Nairobi tuna neno dogo lililotwishwa mzigo mkubwa: "ana kesi." Aliyeitwa kituoni kuandikisha taarifa ana kesi. Aliyesomewa mashtaka jana katika mahakama ya Milimani ana kesi. Aliyepatikana na hatia, akalipa faini na kuwahi chakula cha mchana nyumbani, huyo naye alikuwa na kesi ila "imeisha". Ni mpaka mtu apelekwe gereza la Industrial Area au Kamiti ndipo tunapobadilisha kauli na kusema amefungwa. Kwa soga za kwenye matatu haidhuru kitu. Lakini mwenye kesi akiwa mtumishi wa umma, kila hatua hapo ina sheria yake, ina mshahara wake, na ina siku zake za kuhesabiwa. Nimeona watu wakipoteza haki zao kwa sababu tu hawakujua wamefika hatua ya ngapi.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika ofisi moja ya umma hapa mjini. Watu hudhani kazi hiyo ni kupuliza filimbi siku ya mgomo. Sehemu kubwa ni kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mtu aliyeshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kuna barua ya kujieleza, na mwenye bahasha huwa na swali moja kati ya mawili. La kwanza: "Mzee, si nililipa faini ikaisha?" La pili: "Si korti iliniachilia? Mbona hawanirudishi?"

Hakuna hata moja lenye jibu fupi, na majibu yenyewe huwaudhi watu.

Maneno mawili ya gharama

Tuanze na la faini. Hakimu hufanya mambo mawili ambayo masikioni mwetu husikika kama moja. Kwanza huamua kama mshtakiwa ana hatia. Kisha huamua adhabu: faini, kifungo, uangalizi wa afisa wa probesheni, au kufagia na kupalilia chini ya amri ya huduma kwa jamii. Aliyetozwa Sh5,000 na aliyefungwa miaka 5 wamepatikana na hatia wote wawili, kilichowatenganisha ni adhabu tu. Faini huisha siku unapopata risiti. Hatia haina risiti.

Dereva mmoja aliwahi kunijia na risiti hiyo ameikunja mara nne kwenye pochi. Jumamosi usiku alikuwa amekorofishana na mtu penye nyama choma, Kayole. Ngumi zikarushwa, mwenzake akapasuka mdomo. Jumatatu asubuhi alikuwa kizimbani katika mahakama moja ya Eastlands, nguo ni zile zile za Jumamosi, simu imezima, na saa mbili asubuhi ile alitakiwa awe amempeleka mkubwa wake kwenye mkutano. Karani akamsomea shtaka la kumpiga mtu na kumdhuru mwili. Kwenye benchi mwenzake wa seli alikuwa amemnong'oneza kwamba ukikana utarudishwa ndani hadi upate dhamana, ukikubali unalipa na kwenda zako. Akajibu, "Ni kweli."

Maneno hayo mawili yana uzito wa pekee katika mahakama za Kenya. Tangu kesi ya Adan, iliyoamuliwa mwaka 1973, utaratibu wa kukiri kosa unajulikana: shtaka na kila kiungo cha kosa hufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya tukio, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno. Akiyakubali na hayo, hatia inaandikwa. Ndiyo maana ukifungua majalada ya mahakama zetu utakuta, katikati ya Kiingereza kitupu, "ni kweli" imekaa peke yake kama mgeni.

Aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga hatia. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 348, inamruhusu kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Na rufaa yenyewe ina siku 14. Yule dereva alipata Sh20,000 kwa kuchangiwa na shemeji, akalipa, akaenda kazini Jumanne na kisingizio cha homa.

Miezi mitatu baadaye nafasi ya kupanda cheo ikatangazwa. Masharti yalikuwa yale tunayoyajua sote: cheti cha ushuru, barua ya HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), kibali cha EACC (Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi), na cheti cha maadili mema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai). Akalipa Sh1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akachapisha fomu ya C24, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Cheti kilipotoka, Kayole ilikuwa imefika ofisini, naye akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Je, hatia pekee inatosha kumfuta?

Hapa wengi hukosea, wakiwemo maafisa wa rasilimali watu wenye vyeti ukutani. Fungua Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, ambapo yameorodheshwa makosa makubwa yanayoweza kumfanya mtu afutwe papo hapo. Kuna kutoroka kazini, ulevi, uzembe, matusi, ukaidi. Halafu kuna mawili yanayogusa jinai. Moja ni kutenda, au kushukiwa kwa sababu za maana kutenda, kosa la jinai dhidi ya mwajiri au mali yake. Jingine ni kukamatwa kwa kosa linaloadhibiwa kwa kifungo, kisha siku 14 zikapita bila wewe kuachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine halali.

Kupatikana na hatia, kwa maneno hayo, hakumo katika orodha.

Hebu litafakari hilo kidogo. Mtu asiye na hatia yoyote, aliyekosa tu ndugu mwenye hati ya shamba ya kumdhamini, anaweza kujikuta ndani ya orodha siku ya 15. Na mtu aliyekiri ngumi za Jumamosi akalipa faini anaweza asiwemo. Mimi huona siku hizo 14 ni kali kupita kiasi kwa jiji ambalo bondi hutegemea nani anakujua, lakini ndivyo sheria ilivyo. Ndiyo maana jambo la kwanza kwa familia ya mtumishi aliyekamatwa ni kuhangaikia dhamana. Wakili wa kupiga domo atafuata.

Orodha hiyo, hata hivyo, si ukuta. Mwajiri anaweza kutumia sababu nyingine mradi aithibitishe, na mradi iwe inahusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake au mahitaji halali ya kazi. Kwa hiyo swali lililokuwa mbele ya ile kamati ya nidhamu halikuwa "ulipiga mtu?" Hilo lilishajibiwa kwa maneno mawili. Swali lilikuwa: ngumi iliyorushwa Jumamosi usiku Kayole ina uhusiano gani na mtu anayeshika usukani wa gari la umma Jumatatu? Angekuwa mlinzi mwenye rungu, au mhudumu wa wodi ya watoto, jibu lingekuwa jingine. Angekuwa ameendesha gari akiwa amelewa, dereva huyo huyo asingekuwa na pa kushika.

Kwa kamati hakuna kuingia peke yako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu anayofikiria kumfutia kazi, na amsikilize mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe. Kinasema hivyo hata pale anapokusudia kumfuta papo hapo. Juu yake kuna Katiba: ibara ya 236 inakataza kumfuta kazi, kumshusha cheo au kumwadhibu afisa wa umma bila kufuata utaratibu wa haki wa sheria. Kwa hiyo nakala ya hukumu si barua ya kufutwa. Bado lazima mtu aandike, mtu asikilizwe, na mtu aamue.

Siku ile tulikaa mbele ya watu watano, chupa ya chai katikati ya meza na jalada lenye kamba nyekundu. Nilikuwa nimemwonya dereva asianze kusema hakupiga mtu. Kuna sababu ya kisheria: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, ni ushahidi usiopingika kwamba mtu alitenda kosa hilo. Anayeingia kwenye kamati kubishana na hakimu anapoteza nusu saa yake bure. Tulileta daftari la safari za gari la miaka 6, bila ajali, na barua ya yule aliyepasuliwa mdomo akisema walishapatana mbele ya wazee. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akamtazama juu ya miwani: "Na ile homa ya Jumatatu?"

Hapo ndipo alipokaribia kuzama. Ngumi wangeweza kuisamehe. Uongo kwa mwajiri ulikuwa kosa la kazini, la moja kwa moja. Alitoka na karipio kali na nyongeza ya mshahara ya mwaka huo ikazuiwa. Alinuna wiki nzima.

Ukiingia kwenye ufisadi, hiari inakwisha

Yote niliyoeleza yanahusu makosa ya kawaida, ambapo mwajiri ana nafasi ya kupima. Ukitoka kwenye ngumi ukaingia kwenye hongo, zabuni hewa au matumizi mabaya ya ofisi, unahamia sheria nyingine: Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003. Humo Bunge lilimnyang'anya mwajiri mizani na kumpa ngazi.

Kipandio cha kwanza ni siku ya shtaka. Kifungu cha 62 kinasema afisa wa umma aliyeshtakiwa kwa ufisadi atasimamishwa kwa nusu mshahara kuanzia siku hiyo hadi kesi iishe, na kwamba kesi iamuliwe ndani ya miezi 24. Kesi ikiondolewa, au akiachiliwa, kusimamishwa huko kunakoma. Kuhusu miezi 24 sitasema mengi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi za Milimani akisikiliza shahidi hayupo, jalada halionekani, wakili ana udhuru, anajua kuwa kalenda ya Bunge na kalenda ya korti hazikuchapishwa kiwanda kimoja.

Kipandio cha pili ndicho kisichoeleweka. Akipatikana na hatia, kifungu cha 63 hakisemi afutwe. Kinasema asimamishwe bila mshahara wowote huku rufaa ikisubiriwa. Ni mwajiriwa kwa jina. Hapa ndipo wananchi hufoka: mwizi kahukumiwa, mbona jina lake bado limo kwenye orodha ya wafanyakazi? Limo kwa sababu hukumu ya hakimu si neno la mwisho. Ikitenguliwa, kusimamishwa kunakoma naye anarudi mezani pake. Kipandio cha tatu ni pale muda wa rufaa unapopita bila rufaa, au rufaa inapogonga mwamba. Hapo sheria inaamuru: afutwe. Hakuna karipio, hakuna kupunguziwa cheo, hakuna daftari la safari za gari.

Mimi hukitetea kipandio hicho cha kati, ingawa hakinipi marafiki. Mwizi hali mshahara wa umma, wala serikali haijifungi kumlipa fidia mtu ambaye kesho majaji wa juu watasema hakuiba. Kina ugumu wake kwa familia inayokaa miaka bila senti, lakini njia nyingine zote mbili ni mbaya zaidi.

Halafu kuna mkia. Kifungu cha 64 kinamzuia aliyepatikana na hatia ya ufisadi kuchaguliwa au kuteuliwa kuwa afisa wa umma kwa miaka 10 tangu siku ya hatia, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi inatakiwa kuchapisha majina yao katika Gazeti Rasmi la Serikali angalau mara moja kwa mwaka.

Nchi nyingine zimechora mstari wao kwingine. Ujerumani, mtumishi wa serikali wa daraja la kudumu akihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi kwa kosa la kukusudia, utumishi wake unakatika wenyewe siku hukumu inapokuwa ya mwisho. Haitishwi kamati. India wamepita njia ya katikati: ibara ya 311 ya katiba yao inamlinda mtumishi asifutwe bila uchunguzi, lakini inaondoa ulinzi huo pale anapofutwa kwa mwenendo uliomfanya apatikane na hatia ya jinai. Sisi hatuna rula kama ya Wajerumani kwa karani wala kwa dereva. Ajabu ni kwamba tunayo kwa gavana. Ibara ya 182 ya Katiba inasema kiti cha gavana kinabaki wazi akipatikana na hatia ya kosa linaloadhibiwa kwa kifungo cha angalau miezi 12. Siyo afungwe miezi 12, ni kosa linaloweza kuleta adhabu hiyo.

Lakini kabla ya hatia, gavana alikuwa na mwavuli. Kifungu kile kile cha 62 kinasema kusimamishwa hakuhusu ofisi ambazo Katiba imeziwekea namna yake ya kuondolewa. Ndiyo maana karani wa zabuni huenda nyumbani siku ya shtaka ilhali mkubwa wake, aliyeshtakiwa kwa karatasi ile ile, hurudi ofisini kwa msafara. Mwaka 2019 mahakama zilianza kuukunja mwavuli huo. Gavana wa Samburu wa wakati huo, Moses Lenolkulal, alipewa dhamana kwa sharti la kutokanyaga ofisini, na mwezi Julai Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akalidumisha sharti hilo. Hakusimamishwa wala hakufutwa. Alifungiwa mlango tu.

Mwalimu hupigwa mara mbili

Kwa walimu kuna kitabu cha ziada. Mwalimu wa umma ni mwajiriwa wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na papo hapo jina lake limo katika rejista ya tume hiyo hiyo. Sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 30, inaruhusu jina kufutwa kwenye rejista akipatikana na hatia ya kosa la kingono au kosa dhidi ya mwanafunzi, na pia kwa kosa jingine la jinai ambalo kwa maoni ya tume linamfanya asifae kuwa mwalimu. Karani aliyefutwa wizarani anaweza kuomba kazi ya ukarani kwa Mhindi wa River Road. Mwalimu aliyefutwa kwenye rejista hawezi kufundisha popote, hata shule ya kibinafsi ya mabati mtaani, kwa kuwa sheria inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa. Kufutwa kazi kunachukua mshahara. Kufutwa kwenye rejista kunachukua taaluma.

"Si korti iliniachilia?"

Sasa swali la pili, ambalo lina machozi zaidi.

Mahakama ya jinai hupima ushahidi usioacha shaka ya maana. Mwajiri hapimi hivyo. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira kinamtaka athibitishe sababu ambazo, wakati wa kumfuta mtu, aliamini kwa dhati kuwa zipo. Ni mizani mbili, na kitu kimoja kinaweza kuwa chepesi kwenye moja na kizito kwenye nyingine. Pesa za makusanyo zikipotea mikononi mwa karani, hakimu anaweza kumwachilia kwa kuwa funguo za sanduku zilikuwa na watu wawili. Mwajiri bado anaweza kumfuta kwa kutojaza kitabu cha stakabadhi siku tatu mfululizo. Mahakama zetu zimesema hivyo mara nyingi: kesi ya jinai na shauri la nidhamu ni barabara mbili, na kushinda moja si kushinda nyingine.

Na kuna kuachiliwa na kuachiliwa. Kuna kuachiliwa baada ya kesi kusikilizwa mpaka mwisho, chini ya kifungu cha 215 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kuna kuondolewa kwa shtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo hiyo, ambako hakumzuii kiongozi wa mashtaka kulirudisha kesho. Watu huja na karatasi ya 87(a) wakiwa wameifunga kwenye fremu.

Lakini kilichowaumiza wengi zaidi ni saa. Niliwahi kuletewa hukumu na mwanamume aliyekuwa ametoka Milimani moja kwa moja, tai bado shingoni, anatabasamu. Alifutwa kazi, akashtakiwa kwa wizi, na baada ya zaidi ya miaka 4 hakimu akamwachilia chini ya 215. Muda wote huo hakuwa amefungua shauri lolote dhidi ya mwajiri. "Nilisema wacha kwanza jina langu lisafishwe," alisema. Inasikika kama busara. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi miaka 3 kudai, na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2016, katika shauri la watumishi wa umma waliongoja kama yeye, kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kufutwa, si tangu siku ya kuachiliwa na mahakama ya jinai. Kesi ya jinai haisimamishi saa hiyo. Nilimsomea mara mbili. Mara ya pili alivua tai.

Angefungua shauri mapema angeweza kuomba lisubiri. Asingekuwa amepoteza kitu. Hata kurudishwa kazini, ambako Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina mamlaka ya kuamuru, kumewekewa miaka 3 hiyo hiyo tangu kufutwa. Fidia kwa kufutwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12: mwenye Sh45,000 kwa mwezi, kikomo chake ni Sh540,000, hata kama amekaa nje miaka 7.

Wa kaunti, wale wa City Hall (makao ya Kaunti ya Nairobi) na kwingineko, wana saa nyingine fupi zaidi. Asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu wa kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, kwa maandishi. Nimejua watu walioishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Harambee Avenue, zilipo ofisi za tume hiyo, na siku 90 zikawapita wakimtafuta "mtu wa ndani".

Hati ya mshahara inavyosoma

Pesa zenyewe zinakwenda hivi. Kwa watumishi walio chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, mwongozo wa mwaka 2016 unatofautisha hali mbili. Kuna ile wanayoiita intadiksheni, ambapo shauri bado linachunguzwa au kesi inaendelea: nusu ya mshahara wa msingi, posho ya nyumba yote, na bima ya matibabu. Halafu kuna kusimamishwa kabisa, kwa mfano baada ya kupatikana na hatia ya kosa zito: mshahara wa msingi hakuna, posho ya nyumba na bima zinabaki. Shauri likiisha bila adhabu, kilichozuiwa hurudishwa.

Ukiwa na mshahara wa msingi wa Sh36,000, intadiksheni inakuachia Sh18,000 na posho ya nyumba. Na mkopo wa sacco haukupewa intadiksheni. Ndiyo maana watu wengi hukiri makosa ya kinidhamu wasiyoyatenda, mradi shauri liishe.

Pensheni ni pachungu zaidi kwa wazee. Chini ya Sheria ya Pensheni ya zamani, Sura ya 189, hakuna afisa mwenye haki kamili ya pensheni, na aliyefutwa anaweza kuondoka mikono mitupu hata akiwa na miaka 28 kazini. Kwa walioingia katika mpango mpya wa kuchangia ulioanza Januari 2021, ambako mfanyakazi hutoa asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, kuna akaunti yenye jina lake. Kilichokatwa kwenye mshahara wake ni chake.

Kwa wote, aliyefutwa hata kwa kosa zito kabisa hulipwa alichokwisha kukifanyia kazi hadi siku hiyo. Na anapewa karatasi moja ambayo wengi hawaijui mpaka waidai: cheti cha utumishi, kifungu cha 51. Huandikwa jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, kazi aliyoifanya na mahali, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Sababu ya kuacha haimo kwenye orodha hiyo, na mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia yake. Yule bwana wa tai alikuwa hajawahi kukichukua. Tulimwandikia barua ya kukiomba jioni ile ile, nakala mbili, moja ya kugongwa muhuri masijala.